Mfiche mbuzi hadi mwisho

Ukiniletea seti yako ya kwanza, yaani vichekesho utakavyopanda navyo jukwaani, niipitie, sitakuuliza inahusu nini. Nitalitafuta neno linaloleta kicheko nione limekaa wapi. Nimefanya kazi jukwaani na katika vyumba vya kuandikia tamthilia za televisheni hapa Kampala kwa zaidi ya miaka kumi, na bado hapo ndipo ninapohangaika zaidi.

Nikupe mfano. Nilikuwa na kisa cha teksi ya Masaka (teksi kwetu ni basi dogo la abiria), na mara ya kwanza nilikisimulia hivi: "Jana kwenye teksi nimekaa na mbuzi, mimi natoa nauli, yule mbuzi akaila noti." Watu wakatabasamu, basi. Nikakaa nacho usiku kucha, na wiki iliyofuata nikakirudisha hivi: "Jana kwenye teksi nimekaa na abiria wa Masaka. Hasalimii. Anatazama nje tu. Kondakta akauliza, 'Na huyu, nani anamlipia?' Kimya. Nikamhurumia, nikatoa noti ya elfu ishirini. Akaitafuna." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na neno mbuzi sikulitaja kabisa.

Angalia kilichonisaidia. Kiswahili humpa mnyama kiambishi kile kile cha mtu: abiria anatazama, mbuzi anatazama. Kwa hiyo mbuzi anaweza kujificha ndani ya "a" tangu Masaka hadi Kampala bila msikilizaji kumshuku. Ungekuwa na gunia la mkaa, ukisema tu "limekaa kimya" umeshalifungua. Na kwa Kiganda mbuzi ana kiambishi chake, "e". Nikimwita kwa "a" nimedanganya, na msikilizaji akigundua amedanganywa hacheki, anakasirika. Kila lugha ina maficho yake. Ndiyo maana seti yangu ya Kiganda na ile ya Kiswahili zinashirikiana vichekesho vitatu tu.

Utaambiwa usithubutu Kiswahili Kampala. Usiudharau ushauri huo kabla hujauelewa. Kiswahili hapa ni lugha ya jeshi. Mimi nililelewa kambini, baba akiwa mwanajeshi, kwa hiyo kwangu ni sauti ya mama akiita watoto wale. Lakini kwa wazee wengi wa Buganda, eneo la Waganda linalozunguka Kampala, ni sauti ya kizuizi cha barabarani, ya amri za usiku enzi za Amin. Hata jukwaa la National Theatre, lililofunguliwa mwaka 1959, lina jeraha hilo: Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo ya kuigiza aliyekuwa akiliongoza, aliuawa na watu wa Amin mwaka 1977. Nikiona vichwa vyenye mvi mbele, nasalimu kwanza kwa Kiganda, kwa heshima zote, na Kiswahili nakiingiza kupitia mdomo wa mama yangu, si wa askari. Kwenye miji ya mipakani kama Arua au Busia huhitaji kuzunguka hivyo, unaanza nacho tu. Na mambo yanabadilika: Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto hao watakuja kukata tiketi. Waandikieni.

Televisheni ni kazi nyingine kabisa. Jukwaani ukisema "mvua ikanyesha", mvua imenyesha bure. Kwenye muswada umeagiza boza la maji, jenereta, mwavuli wa kamera na siku moja zaidi ya kuwalisha watu. Mhariri wangu wa kwanza alichukua kurasa zangu, akahesabu maeneo ya kupigia picha, akakuta kumi na moja. Akanirudishia: "Nataka matatu." Nilidhani ameniua kipindi. Kumbe nilipowafungia wote sebuleni, mama mkwe, fundi wa bomba na mwenye nyumba anayedai kodi, hapakuwa na pa kukimbilia na vichekesho vikaanza kujizaa. Tangu siku hiyo naanza na chumba, kisha najiuliza nani hapaswi kabisa kukutwa mle. Na mwigizaji akibadilisha maneno yako yakatoka vizuri zaidi, yaandike hayo, kisha umshukuru.

Kuhusu fedha nitasema machache. Usiache kazi yako ya mchana mapema. Mchekeshaji Patrick Salvado alikuwa mhandisi wa mitambo ya simu kabla ya maikrofoni kumlisha. Halafu usisimulie wazo lako la kipindi kwa mdomo. Mimi nilifanya hivyo ofisini kwa kituo kimoja, nikapewa chai, na miezi minane baadaye nikaliona hewani likiwa na jina jingine. Iliniuma sana, na sheria haikuwa upande wangu: Sheria ya Hakimiliki ya 2006 inalinda kazi iliyoandikwa au kurekodiwa, wazo tupu hailindi. Sheria hiyo hiyo inampa mwajiri haki ya ulichoandika ukiwa kazini kwake, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Kwa hiyo andika kurasa kumi kwanza, zisajili kwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, ndipo ugonge mlango. Mkataba usome mpaka mwisho, hata kama dereva anakungoja nje.

Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kurekodi. Weka simu mfukoni, bonyeza kabla hujapanda, kila seti, hata ile ya watu saba siku ya mvua. Usisikilize usiku ule ule, maana bado una furaha au machungu na masikio yako hayaaminiki. Sikiliza kesho yake kwenye teksi, karatasi ikiwa magotini. Penye kicheko weka alama, palipozizima zungusha duara. Kisha soma sentensi iliyo ndani ya duara polepole. Mara nyingi utakuta neno lenye kicheko lipo, ila nyuma yake umeongeza "ile siku", au "pale stendi", au "nawaambieni". Yafute hayo, upande na seti hiyo tena wiki ijayo.