Kodi kwa anayefanya kazi ya ngono London

Dada, umeuliza kama pesa ya kazi ya ngono hapo London inatozwa kodi, na kama kondomu na nguo ni gharama. Inatozwa, sawa na ya msusi au fundi aliyejiajiri. Mapato yakizidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoisha Aprili 5, jisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kufikia Oktoba 5 inayofuata. Kondomu, vilainishi, matangazo, chumba ulichokodi kwa kazi tu: toa kwenye mapato. Simu, toa sehemu ya kazi. Nguo za kawaida hapana, hata kama huzivai kwingine. Hapo wengi huteleza. Nakusihi uandike kila siku ulichopokea, taslimu pia. Majina ya wateja hayaulizwi kwenye fomu ya kodi.