OptiPlex moja, game na video za ndoa: karte grafiki iwe ya mwisho

Ndugu, nimesoma swali yako na majibu yote ya juu, acha na mi niweke yangu kabla dola zako hazijaenda. Uliandika uko Katuba, hapa Lubumbashi, uko na Dell OptiPlex 7050 ile ya mnara, prosesa (CPU) i5-7500, RAM GB 8, HDD (diski ya zamani yenye inazunguka) ya 1 TB, unachezaka game za FC na GTA V, unafanya montage ya video za ndoa mu DaVinci Resolve, na Blender (programu ya 3D) unaigusa kidogo. Uko na dola 450, unauliza ununue karte grafiki gani (kipande chenye kinachora picha ku ekrani). Wote wamekupa majina ya karte. Mi nasema karte njo kitu ya mwisho kununua, na nitaeleza juu ya nini, juu hii kazi mi naifanyaka hapa Lubumbashi, video na mabango mchana, game usiku umeme ikiwepo.

Kwanza fanya kitu ya bure. Fungua Resolve na mradi ya ndoa yako ya kweli, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager itafunguka, angalia ukicheza timeline (mstari wa vipande vya video mu Resolve) ni nani anafika asilimia 100. Na OptiPlex kama yako mara nyingi diski njo inafika 100 kwanza, kisha RAM inajaa na Windows inaanza kutupa vitu mu diski ile ile yenye imechoka tayari, kisha CPU. Fanya vile vile na GTA V. Utaona game inabanwa mahali ingine kabisa, pale karte na CPU njo vinalia, RAM inapumua. Ukinunua karte kwa dola zote, game itakuwa nzuri na timeline itabaki inagandaganda vile vile, na kesho unarudi hapa kusema karte ni mbovu.

Sasa umeme. Wale wanaokujibu kutoka Dar na Nairobi hawatakuambia hii na sikatai, shida yao si yetu. Hapa jioni kwartieri yote ikiwasha reshoo za kupikia voltage inashuka, kisha delestaji (kukatiwa umeme kwa zamu), kisha umeme inarudi na kishindo, na kile kishindo njo kinaua mashini kuliko kukatika kwenyewe. Nunua UPS (boksi ya batri yenye inashika mashini umeme ikikatika) ya aina ya line-interactive, ile yenye inarekebisha voltage yenyewe bila kukimbilia batri kila saa. Usome vizuri kwenye boksi: 650 VA haiko wati 650, mara nyingi ni kama 360 na kitu. Kwa mashini yako ya sasa na ekrani moja inatosha kabisa, lakini ujue inakupa dakika za kusevu na kuzima tu, usianze kutoa (render) video ya saa mbili juu ya batri. Umeme ikikatika, chomoa, na ikirudi ngoja kidogo itulie njo uchomeke. Radi ya mvua za Desemba na Januari usiiamini hata na UPS, toa plagi ku ukuta, na waya ya intaneti pia kama unayo, watu wanasahauka hiyo. Wenye grupu (jenereta) ndogo za petroli: voltage na frikwensi zake zinayumba, UPS inaikataa, unasikia tak tak tak inaruka ku batri mpaka batri inaisha na grupu inanguruma pale pale. Grupu ya inverter haina hiyo shida.

Na kama ukigusa boksi ya mashini na mukono inakuchapa kidogo kidogo, nyumba yako haina tere (waya ya kupeleka umeme ku udongo). Ita fundi umeme aweke fimbo ya tere ku udongo. Nyumba mingi sana za hapa soketi iko na tundu ya tere lakini nyuma hakuna waya, ni mapambo.

RAM na SSD (diski ya kasi, haina kitu kinazunguka). OptiPlex 7050 ya mnara iko na nafasi 4 za RAM, DDR4, na iko na nafasi ya M.2 ku karte mere (motherboard), kwa hiyo NVMe, SSD ya kasi zaidi, inaingia bila shida. HDD inasoma kitu kama MB 100 mpaka 200 kwa sekonde, SSD ya SATA inafika karibu 550, NVMe ya PCIe 3.0 inaweza kufika 3,500. Weka Windows, Resolve na mradi wa sasa ku NVMe, ile HDD usiitupe, ibaki ya kutunza ndoa zilizokwisha, na nakala ingine ku diski ya nje, juu bibi arusi hatakubali hadithi ya diski iliyokufa. RAM fika 32 kama inawezekana, 16 ikiwa mfuko unakataa, na uziweke mbili mbili zinazofanana ili zifanye kazi pamoja, moja peke yake inapunguza mwendo. Bei ya RAM tangu mwisho wa 2025 imepanda vibaya sana, viwanda vinapendelea kuuzia data senta za AI, kwa hiyo angalia zile za okazi (zilizotumika) zinazotoka mu mashini za biro zilizovunjwa, DDR4 2400 ziko mingi. Zipime usiku moja na programu ya MemTest86, kosa moja tu ikionekana rudisha.

Hapa njo napenda watu wasome polepole: proxy. Resolve, hata ile ya bure, inakutengenezea nakala nyepesi za video zako, unakatakata juu ya nyepesi, wakati wa kutoa inachukua zile nzito za kamera. Chagua aina ya faili DNxHR LB ya 1080p, ku fremu 25 ni karibu GB 16 kwa saa moja ya video, kwa hiyo uwe na nafasi, lakini i5 yako itacheza timeline kama maji. Unaweka mashini itengeneze wakati unakula, ukirudi kazi inaenda. Watu wanauza mashini nzima wanunue ingine wakati bado hawajagusa hiyo kitufe. Mi na mashini nzuri bado natumiaka proxy kila ndoa.

Basi tufike ku karte yenyewe. OptiPlex yako iko na alimantasio (boksi ya ndani yenye inagawa umeme) ya wati 240, na plagi yake haiko ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo si rahisi kuiondoa na kuweka ya duka bila adapta. Nafasi ya PCIe, pale karte inachomekwa, inatoa wati 75 peke yake. Maana yake unatafuta karte isiyo na waya ya umeme ya ziada: GTX 1650 (chunguza, ziko zingine zenye tundu ya pini 6, hizo acha) ao RTX 3050 ya GB 6, ambayo ni wati 70. Na hapa iko mtego: RTX 3050 ni jina moja karte mbili. Ile ya GB 8 ya 2022 ni wati 130 na inataka waya, ile ya GB 6 ya 2024 haitaki. Muuzaji anaweza kukupa yoyote na kusema ni ile ile, na si uongo ku jina. Kwa kazi yako mi ningechukua hiyo ya GB 6. GB 4 za GTX 1650 kwa game za sasa unashusha mapambo na maisha inaendelea, lakini Resolve ukiweka noise reduction (kusafisha chenga za picha) juu ya 4K itakuambia GPU memory full na kusimama pale. Tena RTX iko na OptiX mu Blender, njia ya kutoa picha za 3D haraka yenye inatumia zile kore za ray tracing (za kuhesabu mwanga), tofauti unaiona kwa saa, na DLSS (inaongeza fremu) inasaidia ku game zinazoikubali.

GTX 1050 Ti, watu hapa wanaipenda sana, bei yake ni tamu. Lakini ni ya familia ya Pascal, na tangu Oktoba 2025 NVIDIA iliacha kuitolea draiva (programu za kuendesha karte) mpya za game, inabaki na za usalama tu. Tena njo ile inayofeikiwa zaidi: wanachukua karte ya zamani kama GTS 450, wanabadilisha BIOS yake (programu ya ndani ya karte), Windows yenyewe inadanganyika inasema 1050 Ti. Rafiki yangu moja wa Kamalondo, mupiga picha, alileta moja hapa nyumbani, boksi inang'aa kabisa. GPU-Z, programu yenye inasoma karte ni gani kweli, ilifungua na kuandika FAKE mbele ya jina, hakukuwa na la kubishana. Beba GPU-Z ku fulashi ukienda kununua, muuzaji akikataa usichomeke fulashi yako basi umeshapata jibu.

RX 6500 XT pia ikimbie, mtu mmoja hapo juu ameisifu. Kwa game ndogo sawa, lakini haina kabisa enkoda ya video (chip ya kufunga video kuwa faili), kila kutoa video ya H.264 ao kurekodi game CPU njo inabeba, na inatumia lane (njia za data) 4 tu za PCIe, mashini yako ya PCIe 3.0 inainyonga. Kwako wewe haifai mara mbili, na wati zake zinapita 75 vilevile.

Za okazi: Ethereum (pesa ya kidijitali) ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, karte mingi sana zilitoka ku mashamba ya uchimbaji zikaingia soko, na zinafika mpaka kwetu kupitia Dubai na Kasumbalesa, ku mpaka wa Zambia. Karte ya uchimbaji si lazima iwe mbovu, mi sina shida nayo ikiwa feni zinazunguka bila kelele na jaribio ya FurMark robo saa haizimi ekrani. Lakini uione nyuma iko na tundu za HDMI! P106-100 haina hata moja, ilitengenezwa kwa kuchimba tu, na iko watu wanaiuza na mdomo mtamu.

Sasa ukweli ingine juu ya hiyo OptiPlex. i5-7500 ni kore 4 bila nyuzi za ziada, karte mere inakubali kizazi cha 6 na cha 7 peke yake, kwa hiyo mbele yako kuko i7-7700 tu na baada ya hapo ukuta. Haiko mu liste ya Windows 11, na Windows 10 Microsoft iliisha kuitunza tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana nakuambia usimwage 450 zote mu hiyo boksi. Nunua vitu ambavyo vitahama na wewe: UPS inahama, NVMe inahama, RTX 3050 inahama, RAM inahama pia ukichagua karte mere ya DDR4. Kinachobaki nyuma ni boksi ya Dell tu, unaiuzia mwanafunzi.

Na ukihama, watu watakuvuta ku Ryzen 5 5600 (prosesa ya AMD), kwa game ni nzuri sana sikatai. Lakini kwa mtu wa video mi nashika i5-12400, na uangalie isikuwe 12400F, ile herufi F maana yake wametoa grafiki ya ndani, na hiyo grafiki ya ndani njo iko na Quick Sync (chip ya Intel ya kufungua na kufunga video). Kamera kama Sony A7 IV ukiiweka 10-bit 4:2:2 mu H.265 (rangi mingi, faili ngumu kufungua), karte za NVIDIA zote kabla ya RTX 50 haziwezi kuifungua na chip yao, Intel tangu kizazi cha 11 inafungua. Mashini yangu ni 12400 na RTX 3060 ya GB 12 na RAM 32, alimantasio ya kawaida ya 550, na hiyo grafiki ndogo ya ndani njo inanibebea timeline wakati 3060 inashughulika na rangi. Mu Resolve hii kazi ya chip inaendaka vizuri na Studio (Resolve ya kulipia), ya dola 295 unalipa mara moja, ya bure inaegemea CPU sana. Kama haulipi bado, rudi ku proxy.

Vumbi nilitaka kusahau. Kuanzia Mei mpaka mvua ya kwanza ile nyekundu yetu inaingia kila mahali, inua mashini kutoka chini, ipulize nje ya nyumba, na wakati unapuliza shika feni na kidole isizunguke ovyo. CPU ya tangu 2017 pengine pasta yake (ya kupitisha joto) imekauka kama chokaa, badilisha.

Kwa hiyo kwa 450 zako: UPS, NVMe, RAM, pasta, fanya ndoa moja na proxy uone. Kitakachobaki ongeza mpaka kifike RTX 3050 ya GB 6. Lakini kuna kitu haukuandika na inaweza kugeuza nusu ya haya: kamera yako ni gani, na unapiga 8-bit ao 10-bit? Ukijua weka hapa, pamoja na picha ya Task Manager timeline ikicheza.