Shangazi na Vitabu: "Vyote si vizuri, mwanangu"

Shangazi, mwigizaji wa zamani wa michezo ya redio, anajibu barua zenu kuhusu vitabu.

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kila toleo unatuambia tusome nini. Leo tunakugeuzia kibao: wewe mwenyewe umesoma nini tangu Ramadhani iishe? Na tafadhali usitujibu kwamba vyote ni vizuri. – *Msomaji, Morogoro*

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Vyote si vizuri. Kimoja kilinishinda nikakifunga, nikaenda kuosha vyombo, nitakifikia.

Kwanza ujue unamuuliza nani. Nimeigiza michezo ya redio tangu nikiwa msichana mpaka nilipostaafu. Studioni huna sura wala mavazi ya kumpendezesha mtu, una karatasi na kipaza sauti basi. Sentensi isiyotamkika inakuumbua hapo hapo. Ndiyo maana mimi kitabu nakipima kwa mazungumzo ya watu wake. Nakaa barazani kwangu Magomeni nasoma kwa sauti, na mjukuu wangu nampa nafasi ya mtu wa pili. Majirani wamezoea. Wageni hudhani tunagombana.

Kilichonikamata zaidi ni *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobeli mwaka 2021. Kwa Kiingereza kitabu hiki kilitoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akakitafsiri, na Mkuki na Nyota wakakitoa mwaka 2022. Yusuf ana miaka 12 tu anapokabidhiwa kwa mfanyabiashara Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, na hakuna anayemweleza kwamba amewekwa rehani. Yeye anadhani anakwenda kumtembelea ami yake! Atakayemfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani, ambaye naye yumo katika rehani hiyo hiyo. Wanalala wote nje, barazani mwa duka, na hapo ndipo kitabu kinapopumua. Khalil anamtania, anamkaripia, anamfundisha kuuza, kisha anamwambia jambo la kuvunja moyo kana kwamba anamwagiza chumvi. Mjukuu wangu alipomsoma Khalil alianza kunikaripia hata tulipokuwa mezani, ikabidi tubadilishane.

Msafara wa kwenda bara ulinichosha kidogo. Watu wengi, mizigo mingi, na Mohammed Abdalla mnyapara nilimchukia mapema mno hata sikuwa na chuki ya akiba ya kumpa baadaye. Lakini wakifika kwa mtawala Chatu, shika kitabu vizuri. Mwisho wake siusemi. Nitasema tu kwamba nilikaa na kitabu mapajani nikamwita Yusuf mjinga kwa sauti, halafu usiku nikaanza kumtetea.

Nimerudi pia kwenye tamthilia, maana ndiyo kazi niliyoijua. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein ni ya mwaka 1969, na habari yake ni ya vita vya Majimaji vilivyoanza 1905. Vijana mnaijua kwa mitihani, mkaitafuta "dhamira" kwa kalamu nyekundu. Isomeni tena bila kalamu. Mwishoni wanamtaka Kinjeketile akanushe maji yake ya kuzuia risasi, aseme yalikuwa uongo. Ni neno moja tu linatakiwa, na anakataa kulitoa, kwa sababu anajua litakavyosafiri na nani watalirithi. Mimi ningetoa vitabu kumi vya falsafa kwa ukurasa ule. Anayeigiza pale ajihadhari asipige kelele. Nimewahi kuona jukwaani Kinjeketile anayeunguruma, na watazamaji wakawa wanamtazama yeye badala ya kumsikiliza.

Katika maisha ya watu nimesoma *Mzee Rukhsa* ya Ali Hassan Mwinyi, iliyotoka mwaka 2021. Kurasa za utoto ndizo nilizozipenda, mtoto wa Mkuranga anapelekwa Mangapwani, Unguja, kusoma. Nilikuwa namsikia kabisa yule mzee tuliyemzoea, mpole, anayekuambia jambo zito huku anatabasamu. Kwenye vyeo na vikao nilianza kupiga miayo, kama kawaida ya vitabu vya wakubwa. Kuna jambo moja tu katika utumishi wake ambalo ningempa kurasa zozote alizotaka. Miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa ajili ya vifo vya mahabusu kule Shinyanga, ambao yeye hakuwagusa kwa mkono wake. Mtu akirudi nyumbani jioni ile anasemaje? Anakula? Hayo ndiyo ninayoyatafuta katika kitabu cha kiongozi, na viongozi ndiyo wanayoyabana.

Sasa kile cha vyombo. Ni kitabu cha kutajirika kabla ya kufika miaka 30, nilikinunua kwa muuzaji wa kando ya barabara Kariakoo. Mwandishi simtaji, ni kijana bado, ana nafasi ya kujirekebisha. Matajiri wote aliowahoji wanazungumza sauti moja, yake. Mwenye mabasi, mwenye saluni, mfuga kuku, wote wanasema "niliamua kubadili mtazamo." Mfuga kuku gani asiyetaja ugonjwa wa mdondo?

SWALI: Shangazi, mimi ni mama wa watoto wawili, Kigamboni. Napenda riwaya za upelelezi, nazisoma kwenye kivuko. Mume wangu anasema napoteza muda, heri nisome vitabu vya maana. Nimjibu nini? – *Msomaji wa kivukoni*

SHANGAZI: Mwambie Shangazi anamsalimu na anamuuliza: yeye kavisoma vingapi vya hivyo vya maana?

*Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilishinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957 hadi 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mzimuni, na mpelelezi Bwana Msa anaingia na kiko chake. Nimeirudia mwezi uliopita. Muuaji nilikuwa namjua, na sikupoteza utamu hata kidogo, kwa sababu utamu wenyewe hauko kwa muuaji. Uko kwa Bwana Msa na Najum wake, mmoja anavuta kiko na kufikiri, mwingine anauliza lile swali ambalo wewe msomaji ulikuwa unaona haya kuliuliza. Kiswahili chao kimenyooka, kina adabu ya Unguja hata wanapomshuku mtu kwa mauaji.

Elvis Musiba ni mwendo mwingine. *Kufa na Kupona* ya mwaka 1974 unaimaliza kabla kivuko hakijarudi mara ya pili, na mpelelezi wake Willy Gamba hakuachii nafasi ya kumeza mate. Namheshimu Musiba kwa kasi hiyo. Ila wanawake wake! Wengi wanaingia wakiwa wazuri, wanasema maneno matatu, kisha wanabusiwa au wanauawa. Ningekuwa bado studioni ningekataa kuchukua nafasi yoyote kati ya hizo. Kwa Ben Mtobwa walau Nuru yupo; anatembea na mpelelezi Joram Kiango katika hatari na anamjibu. Joram bila Nuru mimi simtaki.

Kwa hiyo endelea, mwanangu. Na siku moja mumeo akiwa amekaa msomee Najum kwa sauti, sura moja tu, halafu ufunge kitabu pale maiti inapoonekana. Uone kama hatakiomba.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi, Mwanza. Nilisoma Rosa Mistika zamu ya usiku nikalia mpaka mgonjwa akaniuliza nimefiwa na nani. Nikatafuta kitabu kingine cha Kezilahabi, nikapata Nagona. Sijaelewa kitu. Tatizo ni mimi? – *Muuguzi, Mwanza*

SHANGAZI: Marahaba, na pole kwa zamu za usiku. Tatizo si wewe.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, pua na mdomo na hapo ulipo, aliandika *Rosa Mistika* akiwa kijana, ikatoka mwaka 1971, na kwa muda ilizuiwa mashuleni. Waliozuia waliona mapenzi ya Rosa. Mimi naona Zakaria, baba mlevi anayempiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Zakaria akizungumza nasikia harufu ya pombe. Ni baba anayetisha kwa sababu kuna nyakati anachekesha, na unajikuta umecheka.

*Nagona* ni ya mwaka 1990, baada ya miaka karibu 20, na mwandishi alikuwa amekwenda mbali sana na Zakaria. Humo kipimo changu kinavunjika. Watu wanazungumza kama wanaoota, maswali yanajibiwa kwa mafumbo, na hujui mji ni mji au ni kichwa cha mtu. Kurasa za mwanzo nilizipenda mno, ule ukimya na uharibifu wa kila kitu. Baadaye nilishikilia kamba tu. *Mzingile*, iliyofuata mwaka 1991, nimeiacha katikati na sina haraka ya kuirudia. Wapo walimu wa vyuo vikuu wanaoviona hivi viwili kuwa ndiyo kilele chake. Waachie kilele chao. Wewe shuka kwenye *Kichwamaji* ya 1974 au *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975. Humo bado kuna watu wenye njaa, wivu na nauli. Lakini *Kichwamaji* usiisome zamu ya usiku. Ina giza, nakuonya.

SWALI: Bi Shangazi, hujambo? Twakusoma kila mwezi huku Mombasa. Mbona mashairi huyagusi? – *Msomaji, Mombasa*

SHANGAZI: Sijambo, mwanangu, namshukuru Mungu. Nayagusa, ila sitaki kuyaeleza. Sasa hivi kitandani kwangu iko *Sauti ya Dhiki* ya mtu wenu, Abdilatif Abdalla. Alifungwa mwaka 1969 kwa kijikaratasi alichokiita *Kenya: Twendapi?*, akatoka 1972, na mashairi yake aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Kitabu kikatoka mwaka 1973.

Kimvita chake, Kiswahili cha Mombasa, kwangu mimi wa Dar kina vizingiti, nikajikuta namsumbua shoga yangu wa Kisauni anisomee kwa simu. Lile la "Kuno Kunena" limejaa k na n mpaka ulimi unateleza. Mtu amefungwa kwa kusema, naye anacheza na kusema kwenyewe! Tulicheka wote wawili, kisha shoga yangu akanyamaza kidogo, akaniuliza kama najua alikuwa na umri gani alipofungwa. Ishirini na kitu tu.

Nina ombi kwako. Shoga yangu huyo hulisoma "Mamba" mbio mbio kama mtangazaji wa mpira, na mimi silisikii. Lisome wewe polepole, ujirekodi, uitume sauti hiyo kupitia ofisi ya jarida. Na ukikohoa katikati usianze upya, iache.