Wasomaji Wauliza: Kamera, Maji na Msimu wa Kaskazi

*Nina lenzi ya mm 150–600. Januari hii nimekwenda mdomo wa mto Sabaki mara tatu, kila mara saa moja asubuhi. Ndege wanatoka weusi kama vivuli, au wako mbali kama nukta. Kosa ni la lenzi? — Msomaji, Malindi*

Lenzi haina kosa, saa ndiyo yenye kosa. Ufuo wetu unatazama mashariki. Asubuhi jua liko baharini, na wewe uliye nchi kavu unalipiga usoni. Nenda alasiri, jua likiwa mgongoni mwako.

Jua lakini ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Maji yakipwa, ndege hutawanyika kwenye tope kufukua minyoo na kaa, na hapo hata mm 600 ni fupi. Yakijaa hukosa pa kukanyaga, wakabanana kwenye ulimi wa mchanga uliobaki mkavu. Basi siku za bamvua, kuanzia saa tisa alasiri, ndege wanakusogelea na jua linawamulika kwa upande wako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, tena hayajai sana, tope hubaki wazi na ndege hawana sababu ya kuhama. Kalenda ya mwezi mwandamo ukutani kwako itakufaa kuliko lenzi mpya.

Fika saa moja kabla ya maji kujaa, uchague mahali, ukae. Tandika gunia ulale kifudifudi, lenzi uiweke juu ya mfuko uliojazwa mchanga. Picha iliyopigwa usawa wa jicho la ndege haifanani kabisa na ile ya mtu aliyesimama. Usiwafuate. Chamchanga, yule ndege mdogo wa ufuoni, akiacha kudonoa na kuinua shingo, umeshamkaribia kupita kiasi, na hatua moja zaidi italirusha kundi zima. Tulia tu, maji yenyewe yatakuletea.

Kwa ndege anayetembea, shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/800 ya sekunde inatosha. Kwa anayeruka usishuke chini ya 1/2000. Tundu la lenzi liache wazi, f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iachie kamera ipande yenyewe hadi 3200. Wengi huharibikiwa na weupe. Yule ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, akiwa juu ya tope jeusi, kamera huona giza ikaongeza mwanga, na manyoya meupe yakaungua yakawa kama karatasi. Punguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua (−0.7 kwenye kipimo cha mwanga cha kamera). Akiruka na mbingu nyuma yake, ongeza hatua moja.

Kati ya saa nne na saa tisa weka kamera begini. Mchanga ukipata moto hewa juu yake huchezacheza, yale mazigazi, na ndege aliye mita 80 hatoki mkali hata kwa lenzi ya bei gani. Watu hurudisha lenzi dukani kwa sababu hiyo.

Jambo la usalama: tope la Sabaki humeza mguu hadi gotini, na mtoni mna viboko na mamba. Nenda na mwenyeji wa pale, na jua likizama uwe umeshaondoka ukingoni.

Na usiweke lenzi kabatini Machi ikiisha. Chamchanga waliokuja kukimbia baridi ya Siberia wakiwa na manyoya ya kijivu hubadilika kabla ya kurudi. Aprili utaona baadhi yao wamekuwa wekundu kama matofali. Hao ndio wa kupiga.

*Assalaam alaykum. Ndugu yangu anaishi Finland, amenialika Februari twende Ziwa Inari. Mimi nimezoea kupiga majahazi na punda. Kamera itahimili baridi ile? — Msomaji, Shela, Lamu*

Wa alaykum salaam, dada. Kamera itahimili, betri na vidole ndivyo vya kuhofia.

Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri betri ya lithiamu husinzia: inaonyesha imekwisha kumbe chaji imo, ila kemikali zake zimepoa. Chukua tatu. Moja iwe kwenye kamera na mbili mfuko wa ndani karibu na mwili, uwe unazibadilisha. Ile "iliyokwisha" ikipata joto la kwapa itarudi kazini. Vaa glovu mbili, nyembamba ndani na nene juu. Stendi ya chuma izungushie kitambaa miguuni, maana chuma hicho huuma mkono. Ukichungulia kioo cha kutazamia bana pumzi au itoe pembeni, kwani mvuke wa kinywa huganda hapo hapo.

Balaa hasa ni kurudi ndani. Unajua lenzi inavyofanya ukungu ukiitoa chumba chenye kiyoyozi ukaingia nayo joto la Lamu? Kule ni vivyo hivyo kwa kugeuza, na vibaya zaidi: kamera iliyopoa ikiingia nyumba yenye joto, unyevu huiganda nje na ndani, kwenye vioo na kwenye saketi. Kabla ya kufungua mlango toa kadi ya picha, tia kamera kwenye mfuko wa nailoni, kamua hewa, funga kabisa. Unyevu utashika mfuko badala ya kamera. Usiufungue kwa saa mbili, hata ndugu yako akikusihi umwonyeshe picha. Kadi si unayo mkononi.

Kuhusu mwanga una faida ya Ushela. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani, ndiyo maana mchanga wa Shela hutoka kama saruji. Theluji ni hivyo hivyo. Ongeza hatua moja hadi moja na theluthi mbili, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera; mlima wake usigonge ukuta wa kulia. Katikati ya Februari jua la Inari huonekana kwa saa saba hivi, na adhuhuri halipandi juu ya nyuzi 8 au 9 kutoka upeo wa macho. Maana yake vivuli ni virefu siku nzima na hakuna jua la utosi la kukimbia. Reindia, wale wanyama wa jamii ya kulungu, wana wenyewe kama ng'ombe wa Mambrui. Usiwakimbize, wakati wa baridi kila mbio inawala akiba ya mafuta.

Usiku, kwa mianga ya kaskazini, ile nuru ya rangi inayocheza angani: lenzi pana, f/2.8, ISO 1600, sekunde 5 hadi 15. Mianga ikicheza haraka, fupisha muda na upandishe ISO. Weka fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu iliyokuzwa kwenye skrini, kisha bandika utepe kwenye pete ya lenzi isisogee.

Usikanyage ziwa lililoganda kwa kuona limekuwa jeupe. Barafu ngumu inayopenya nuru iwe na unene wa sentimita 10 kwa mtu mmoja; ile nyeupe yenye theluji ndani yake ina nusu ya nguvu hiyo. Epuka midomo ya mito na penye mkondo, hata kama kwingine kote ni imara, na fuata njia za wenyeji.

*Ndani ya lenzi yangu umeota utando kama wa buibui. Nimepangusa haitoki. — Msomaji, Watamu*

Hiyo ni kuvu, na iko upande wa ndani; usiendelee kusugua. Mpelekee fundi wa lenzi mapema, kwa sababu ikikawia hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo na alama haiondoki tena. Lenzi zilizosalia zitoe kwenye begi la kitambaa, uzitie ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na gramu 200 za silika (zile chembe za kufyonza unyevu) na kipima unyevu kidogo. Kisomeke kati ya asilimia 40 na 50. Mchele usiutumie, vumbi lake litaingia kwenye pete. Na chumvi ya bahari usiipanguse kavu: puliza kwanza, kisha kitambaa chenye unyevu wa maji baridi ya kunywa, kisha kikavu.

*Naweza kurusha droni Mida? — Msomaji, Gede*

Bila kibali, hapana. Hori ya Mida imo ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo unahitaji ruhusa ya KWS, shirika la wanyamapori, na droni yenyewe ni mambo ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Hata ukiwa na karatasi zote, usirushe maji yakiwa yamejaa: ndege huidhani kipanga, huruka wote, na saa hiyo hawana pengine pa kutua.