Kipimo kimenasa nini? Majibu ya maswali yenu

Karatasi yangu ya majibu imeandikwa "antijeni" na "kingamwili". Si kitu kimoja?

Hapana. Antijeni ni kipande cha kijidudu chenyewe, mara nyingi protini yake. Kingamwili ni protini ambayo mwili wako huitengeneza ili kumkabili. Antijeni ikionekana, kijidudu yumo au ametoka juzijuzi. Kingamwili yaweza kuwa alama ya ugonjwa wa miaka iliyopita, au ya chanjo.

Maabara mnavionaje vitu vidogo hivyo?

Hatuvioni. Tunavinasa, kisha tunavitia rangi. Kipimo cha ELISA, kilichobuniwa mwaka 1971, hutumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Tukitafuta kingamwili, kila kishimo huwa kimepakwa antijeni. Tunatia seramu yako, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake. Kingamwili inayoijua antijeni hiyo inaing'ang'ania, na nyingine zote tunazisuuza. Tunaongeza kingamwili ya pili, iliyobebeshwa kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali), nayo inaishika ile ya kwanza. Tunasuuza tena. Mwisho tunatia kemikali isiyo na rangi. Penye kimeng'enya, ubuluu huanza kujitokeza taratibu. Ukidondoshea asidi unageuka manjano, na mashine inapima ukali wake.

Kazi yote imo katika kusuuza. Mimi huigeuza sahani na kuigongagonga juu ya karatasi hadi isiache unyevu, kwa sababu kimeng'enya kidogo tu kikisalia, mtu mwenye afya anaandikiwa ugonjwa asio nao.

Nimemaliza dawa za malaria, mbona kipimo cha haraka bado kina mistari miwili?

Vingi vya vipimo hivyo hutafuta protini ya vimelea vya malaria iitwayo HRP2, na hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kama homa bado ipo, omba damu iangaliwe kwa hadubini.

Mstari mmoja tu umetokea, lakini si ule wa C.

Mstari wa C ndio unaoonyesha kwamba kipimo kimefanya kazi; usipotokea, kipimo hicho ni batili. Rudia kwa kingine.

Nilipima VVU wiki moja baada ya kujiweka hatarini. Sina. Nitulie?

Bado, ndugu yangu. Mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili za kutosha kunaswa. Vipimo vya kizazi cha nne huwahi zaidi kwa kuwa hutafuta pia p24, antijeni ya virusi vyenyewe, ila wiki moja haivitoshi hata hivyo. Kwa kipimo cha haraka cha kingamwili peke yake, rudia siku 90 zikitimia. Siku nyingine usingoje kupima: dawa za kinga zipo, mradi uzianze ndani ya saa 72 tangu ulipojiweka hatarini.

Mwanangu ana miezi sita, kipimo kimeonyesha kingamwili za VVU. Ameambukizwa?

Mama, kipimo hicho hakiwezi kukujibu. Kingamwili zako zilimfikia tumboni kupitia kondo la nyuma, na zinaweza kukaa mwilini mwake hadi miezi 18. Anahitaji PCR, inayotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe. Mpeleke wiki hii. Kama ameambukizwa, dawa zinatakiwa zianze mara moja.