Daktari anataka kutengeneza moyo wangu kwenye kompyuta, nikubali?

SWALI: Habari za kazi. Kaka yangu alianguka akicheza mpira akafariki palepale, ikaja kujulikana msuli wa moyo wake ulikuwa mnene na ugonjwa ni wa kurithi. Nimepima na mimi ninao. Sasa daktari anasema kuna utafiti, watachukua picha zangu za MRI watengeneze moyo wangu kwenye kompyuta waone kama nahitaji kifaa cha kushtua moyo. Ni kitu cha kweli? Na wanangu wasubiri hiyo?

JIBU: Pole sana ndugu kwa kumpoteza kaka. Ni kitu cha kweli kabisa. Kwenye MRI unachomwa dawa ya gadolini ndo makovu ndani ya msuli yanaonekana, na shida kubwa iko hapo, kwa sababu umeme wa moyo ukikuta kovu unapita pembeni na saa nyingine unabaki unazunguka palepale, mapigo yanakimbia ovyo, damu haisukumwi, mtu anaanguka. Sasa ule moyo wa kwenye kompyuta una makovu yako wewe, kwa umbo lako wewe, wanauchokoza kwa umeme sehemu hii na ile waone kama utaanza kuzunguka hivyo. Mwaka 2016 timu ya Natalia Trayanova wa Johns Hopkins, Marekani, ilichapisha matokeo ya njia hii kwa wagonjwa 41, ila wale makovu yao yalitokana na shambulio la moyo, sio kurithi. Baadaye wakaingia na kwenye magonjwa ya kurithi, wakaweka mpaka aina ya jeni ya mgonjwa ndani ya ule moyo wa kompyuta.

Mi ningekubali, ila kwanza muulize daktari: majibu yatabadilisha matibabu yangu au ni ya utafiti tu? Maana kama historia ya kaka yako, unene wa msuli na kuzimia vinatosha kusema uwekewe kifaa, usikae unasubiri kompyuta.

Watoto ndo wasisubiri kabisa. Kila mmoja ana nafasi 50 kwa 100 ya kurithi, wapelekeni wakapigwe ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko (ultrasound ya moyo), na kama jeni yako yenye kasoro inayoleta ugonjwa imeshapatikana wapimwe hiyohiyo. Asiyekuwa nayo kwa kawaida hahitaji kuendelea kupimwa, aliyenayo anarudi kucheki kila baada ya muda hata kama eko ya leo iko safi, kwa sababu msuli unaweza kunenepa ukubwani. Na mtoto akizimia akiwa anakimbia, hospitali siku hiyohiyo.