Mwenye siri na mwenye nyumba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili dada yako asikie akiwa jikoni. Unasema umemaliza utendi wa Homer, ule wa Odysseus, na unaniuliza: wanawake wa tendi za kale walikuwa na nguvu kweli, au waliwekwa tu kupamba safari za waume? Tena wataka nimpime Penelope, mkewe Odysseus, na mama yake Fumo Liyongo wetu, niseme nani zaidi.

Ningekujibu siku ile ile. Kilichonizuia ni Telemachus.

Umemruka, mwanangu. Kurasa tatu umeniandikia, na kijana huyo hukumtaja hata mara moja. Utendi haujaenda mbali, Penelope anashuka ukumbini kumwomba mwimbaji abadilishe wimbo, kwa kuwa ule wa mashujaa kurudi kutoka vita vya Troy unamtonesha kidonda. Mwanawe wa kumzaa, huyo Telemachus, anamwambia, mbele ya wageni, arudi juu akafume na kusokota nyuzi, kusema ni kazi ya wanaume. Naye anapanda, ameduwaa. Siku ya kushindania upinde anaambiwa tena yale yale.

Unakumbuka arubaini ya baba yako. Wazee wamekaa barazani, hitima imekwisha, maneno yamefika kwenye shamba la minazi. Nikatoka, nikaanza kueleza mpaka wa kusini unapopita. Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Ukasema, “Mama, haya tuachie wanaume.” Hukupaza sauti. Ungepaza, ningesema ni uchungu wa msiba. Ulisema kwa upole, kama mtu anayempokea mzee mzigo. Nikarudi ndani nikaosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Alasiri mkaja jikoni, wewe na ami yako, kuniuliza mpaka uko wapi. Nilikuwa naujua mimi peke yangu: mnazi uliopigwa na radi, kisha kisima kilichofukiwa. Hati zilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kanga zangu. Niliwaambia yote. Nilifurahi kuulizwa, na furaha ile ndiyo iliyoniuma kuliko maneno yako.

Bibi yako alikuwa akisema: mwenye siri ndiye mwenye nyumba. Nimeishi na neno hilo. Mtazame Penelope. Wachumba 108 wamejaa kwake wanamla mali, naye anawaambia wangoje amalize sanda ya mkwewe Laertes. Mchana anafuma, usiku anafumua kwa mwanga wa mienge, miaka mitatu mizima. Mume anarudi baada ya miaka 20, anawamaliza wachumba, halafu yeye shujaa ndiye anayetiwa kwenye mtihani. Penelope anaamuru kitanda chao kitolewe nje ya chumba. Odysseus anawaka: nani amekisogeza, na mguu wake ni mzeituni ulioota pale pale, nilichonga mwenyewe? Hapo ndipo anapokubaliwa kuwa mume. Na kabla ya hapo, alipotupwa na bahari katika nchi ya ugeni, binti Nausicaa alimfundisha: mpite baba yangu, kashike magoti ya mama. Watu wa kale walijua.

Na kwetu, nani alimtoa Liyongo kifungoni? Mama yake alikuwa akimpelekea chakula kizuri, walinzi wanakila, yeye wanamwachia makombo. Liyongo akamtungia Saada, aliyekuwa akitumwa na chakula, maneno amfikishie mama: afanye mkate wa wishwa, katikati atie tupa. Saada akayabeba kichwani mbele ya walinzi. Mkate ukaja, walinzi wakaudharau, nani ale wishwa? Ukamfikia mwenyewe. Ngoma ya gungu ikapigwa kwa vishindo, na chini ya vishindo vile tupa ikakata pingu. Mshairi Kijumwa wa Lamu aliyaandika mwaka 1913, lakini mimi niliyasikia jamvini, kwa bibi yako, na kila akifika kwenye mkate alikuwa akikunja mikono kana kwamba anakanda.

Basi mwenye siri ndiye mwenye nyumba. Hivyo ndivyo ningemalizia zamani.

Lakini Saada alikuwa mtumwa. Siri alikuwa nayo, nyumba hakuwa nayo. Bibi hakunisimulia alilipwa nini, nami utoto wangu wote sikuuliza. Nikirudi Ithaca, kwao Odysseus, siri ya sanda ilitolewa na kijakazi. Mwishoni vijakazi kumi na wawili, kati ya hamsini wa nyumba ile, walitajwa na yaya mzee Eurycleia, wakalazimishwa kusafisha damu ya ukumbini, kisha wakanyongwa. Aliyewanyonga ni Telemachus. Penelope amelala juu. Nasema Penelope alikuwa na nguvu, na wale je? Tena siri ya Liyongo, kwamba hafi ila kwa sindano ya shaba kitovuni, ilikuwa mikononi mwa mwanawe. Alimuuliza baba, akaambiwa, akamchoma usingizini kwa kuahidiwa binti wa mfalme. Binti yule hatujui alitaka nini.

Kwa hivyo hukumu uliyotaka sikupi. Nimeandika jina moja hapa nikalikata, usijaribu kulisoma. Ila nitakuambia ninapolia. Liyongo alipochomwa alikimbilia kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akafa vivyo hivyo. Mji mzima ukakosa maji, wenye silaha hawathubutu kusogea. Wakamwendea mama yake ambembeleze. Akaenda, akamwimbia mwanawe aone huruma, siku baada ya siku, hajui kwamba anamwimbia maiti. Hakuna aliyemwambia arudi ndani.

Ukija Idi twende shambani. Ule mnazi wa radi ulianguka masika yaliyopita, limebaki shina, na majani yameanza kulifunika. Nataka ulione kwa macho yako kabla halijaoza. Dada yako nimeshamwonyesha.

Mama yako